MIKONO YANGU HAITETEMEKIII! USUKANI NDIO UNATETEMEKA!

Kilomita_Mia6 (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka pale nilikonunua gari sasa hivi, sijavua hata viatu. Simtaji mtu jina. Mnamjua. Yule wa kalamu mbili mfukoni, anayekuita "bosi" mpaka siku unayosaini, ukirudi na tatizo unakuwa "wewe bwana".

Ameniambia mikono yangu inatetemeka.

Gari ni jipya. Nailoni za viti nimezichana mwenyewe, kilomita 600 halijafikisha. Mpaka 80 linateleza kama limepakwa mafuta. Likigusa 90 vidole vinaanza kuwasha. Kwenye 100 usukani unapigapiga kama kuku aliyeshikwa mabawa. Kwenye 110 meno yanagongana, na aliyekaa mbele anakamata dashibodi kwa mikono miwili na kuanza kuomba dua za safari ya mwisho. Ukipita 120 unatulia. Nilimweleza hivyo hivyo, kasi baada ya kasi, kama mgonjwa mbele ya daktari. Akaandika maneno matatu: "mteja analalamika mtetemo". Basi.

Wakapanda na fundi wake kwenda kulijaribu. Walizunguka uwanja! Uwanja wao wenyewe, kwa 40, wakipenya katikati ya magari yaliyoegeshwa. Nikawaambia tokeni barabara kuu, ugonjwa huu unaanzia 90. Akashuka, akanitazama mikono. Gari hakulitazama. Palikuwa na mama amekaa na watoto wake wawili. Mbele yao, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, akasema: "Labda ni mikono yako ndiyo inatetemeka." Yule mtoto mdogo akainama kuniangalia vidole!

Nimefika nyumbani nimejaza glasi ya maji mpaka mdomoni, nimeiweka juu ya kiganja, nimehesabu mpaka 200. Tone halikumwagika. Mikono yangu ingekuwa na ugonjwa, ungeanzaje 90 na kuishia 120? Inasoma mshale wa spidi?

Mtoto aliinama, wakuu. Aliinama!

Spana_ya_Kumi

Pole sana mkuu. Mtetemo wa usukani unaokuja kwenye 90 na kuondoka mbele ya safari, anza na balansi ya tairi za mbele, yaani uzito wa tairi na rimu ulingane pande zote. Tairi la kawaida mzunguko wake ni kama mita 2, kwa hiyo kwa 100 linazunguka karibu mara 14 kila sekunde. Upande mmoja wa rimu ukizidi gramu 20 tu, kwa kasi hiyo zinavuta kama kilo 3, na uvutaji huo unazunguka na tairi. Kwa 40 ni nusu kilo, huhisi kitu. Ndiyo maana uwanjani hawakuona chochote. Kilichokuwepo hakikuwa kimeamka.

Bibi_Gia

Mimi nashuku tairi lenyewe. Gari likisimama sehemu moja miezi mingi, tairi linabonyea pale linapokanyaga ardhi. Ubapa mdogo unaisha tairi likishapata joto, ule uliokaa sana hauishi, hata ubalansi mara ngapi. Kasome ubavuni mwa tairi, kwenye mstari unaoanza na herufi DOT, tarakimu 4 za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Ukikuta tairi ni zee kuliko ulivyoambiwa, hapo una la kusema.

Mtazamaji_Tu

Mimi nimeona tu kwamba "haitetemekiii" ina i tatu mwishoni. Mkuu, kidole kilikwama au kilitetemeka?

Kilomita_Mia6

Hizo i ni za hasira! Nimeziweka kwa makusudi moja moja! Wewe ndiye yule mtoto umekua?

Mtazamaji_Tu

Glasi ya maji ilikuwa imejaa kweli au nusu?

Kilomita_Mia6

MPAKA MDOMONI.

Kofia_Ngumu

Kapige alaimenti, wakunyooshee tairi, mambo yaishe. Mnazungusha maneno.

Spana_ya_Kumi

Alaimenti ikikosea gari huvuta upande au hula tairi. Kutetemeka kwa kasi fulani tu ni habari nyingine. Tusimpoteze mwenzetu.

Kofia_Ngumu

Langu lilitetemeka, nikapiga alaimenti, likaacha.

Spana_ya_Kumi

Na siku hiyo hiyo hawakubalansi?

Kofia_Ngumu

Walibalansi pia, lakini ni alaimenti iliyoponya.

Bibi_Gia

Yarabi.

Paa_Linavuja

Subirini kwanza. Kalamu mbili mfukoni? Ni HUYO HUYO! Mimi gari jipya, mvua ya kwanza, maji yakanidondokea kwenye paja nikiwa naendesha. Nikampelekea. Akaniambia mvua ilinyesha "kwa pembe isiyo ya kawaida". Pembe! Nikamuuliza nimtafute nani anyooshe mvua.

Kilomita_Mia6

Umeona? Wewe alisingizia mvua. Mimi alisingizia mwili wangu. Mbele ya watoto!

Breki_Zangu

Kwangu usukani unacheza nikikanyaga breki tu, nikiachia unatulia. Hilo nalo ni balansi?

Spana_ya_Kumi

Hapana, hapo kakague diski za mbele. Diski ikiwa na unene usiolingana, pedi inapanda na kushuka juu yake, usukani unacheza. Mara nyingine chanzo ni nati zilizokazwa na mashine ya upepo upande mmoja mmoja mpaka diski ikakaa kombo. Nati zinakazwa kwa kuvuka, kama unachora nyota, na spana ya kupimia nguvu.

Breki_Zangu

Zangu alizikaza kijana aliyekuwa anaongea na simu. Nilimwona kwa macho yangu.

Kilomita_Mia6

Jamani turudi kwangu. Kesho asubuhi naenda tena. Niseme nini?

Bibi_Gia

Usimwachie funguo. Panda naye. Endesha wewe mpaka 100, halafu mwambie ashike usukani huku umekaa naye. Na udai wahamishe tairi za mbele kwenda nyuma. Mtetemo ukihama kutoka mikononi ukaja kwenye kiti, umekwisha kuwaonyesha kuwa ni tairi au rimu. Kila ziara wakupe karatasi yenye tarehe na kilomita.

Mtazamaji_Tu

Ukihamia kwenye kiti atamwambia ni makalio yake.

Paa_Linavuja

Nimecheka mpaka nimemwamsha mume wangu.

Kilomita_Mia6

Hakuna cha kuchekesha hapa! Yule mama alimvuta mwanawe akamkalisha mbali nami, kana kwamba naambukiza! Nimelipia gari jipya nikatoka na cheti cha mgonjwa!

Kimya_Kimya

Afadhali wenu unatetemeka tu. Langu lina kengele ya mkanda wa kiti. Nikiweka mkoba kiti cha abiria, linapiga kelele. Nikiweka koti, linapiga kelele. Nimeendesha saa nzima nikiwa nimeufunga mkoba mkanda kama binadamu.

Breki_Zangu

Kiti kina kihisio cha uzito. Weka mkoba chini.

Kimya_Kimya

Chini unamwagika kila nikifunga breki.

Kofia_Ngumu

Uweke nyuma.

Kimya_Kimya

Nyuma nako kuna kengele.

Paa_Linavuja

Nyuma kwangu kuna maji.

Kilomita_Mia6

Kwa hiyo kesho nianze na karatasi au na kumpandisha garini?

Kofia_Ngumu

Kimya, jaribu kuchomeka kile kichwa cha mkanda bila mkanda wenyewe.

Bibi_Gia

Usithubutu! Siku atapanda mtu hapo, gari litadhani amejifunga. Mkoba uweke kwenye buti.

Kimya_Kimya

Buti halifunguki kwa ndani. Ngoja niwafungulie uzi wake, maana hilo buti lina mambo yake.