Naomba ushauri: mradi wa nchi mbili, fedha za upande mmoja

Habari zenu wakuu. Niko Kampala. Tuna utafiti wa pamoja na wenzetu wa Tanzania kuhusu michirizi ya kahawia ya muhogo, ugonjwa unaoenezwa na nzi weupe. Kila nchi inagharamia upande wake. Vibali vipo: sisi cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, wao cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania. Fedha zao zimeingia, zetu bado. Majani tuliyokausha yako kwenye bahasha, droo yangu imejaa, huu ni mwezi wa tatu yanasubiri vipimo. Nimeandika barua mbili. Jibu ni "subiri kidogo" tu.

Je, fedha zao zinaweza kulipia vipimo vyetu bila kuvunja mkataba? Na makubaliano ya kuhamisha sampuli husainiwa na chuo au mtafiti mkuu? Mliopitia haya, nisaidieni.