Ufunguzi wa maonyesho ya sanaa Kisumu: ubaki kwa hoteli Alhamisi ama uende Dunga Jumapili?

Wasee wa Kisumu, hebu tuongee hii maneno bila matusi. Kila mara msanii wa hapa akifungua maonyesho mwaliko unakuja ule ule: Alhamisi saa kumi na mbili jioni, hoteli fulani huko Milimani kwa wenye pesa, vaa vizuri, na useme mapema kama utafika. Halafu baadaye waandalizi hao hao wanaanza kulia ati watu wa Kisumu hawana haja na sanaa, wanajua tu samaki na ohangla, ile ngoma yetu ya Kijaluo. Mimi nakataa. Nasema ufunguzi uwe Jumapili mchana, mahali watu wameshafika wenyewe bila kuitwa, Dunga hapo ufuoni mwa ziwa, ama Kisumu Museum, ama hata Jomo Kenyatta Grounds hapo town, na kusiwe na mtu wa kuuliza mwaliko kwa mlango. Mwenye anaona hiyo ni upuzi atajibu lakini kwanza nimalize.

Anza na saa. Alhamisi saa kumi na mbili mwalimu anayeishi Nyamasaria ako stage anasukumana na watu, mama wa soko la Kibuye ndio anafunga mizigo, na hata wakijikaza wafike, kurudi Mamboleo saa tatu usiku ni kubembelezana na mtu wa tuktuk anayejua kabisa huna njia ingine. Kwa hivyo wanaobaki kwa ukumbi ni wale wale, watu wa mashirika, wageni kidogo, wasanii wenzake wenye hawana pesa ya kununua kitu, na watu kama mimi wenye tunafuata samosa (msinihukumu).

Sasa enda Dunga Jumapili saa nane. Familia imetoka kanisani, baba bado na tai, watoto wanalilia kupanda boti, mama ameinama kwa beseni anachagua ngege (tilapia) yake kabla iingie kwa mafuta. Ukishaagiza unakaa. Na mnajua vile huwa, ukiuliza unaambiwa "inakuja tu sasa hivi" na hiyo sasa hivi inaweza kumaliza saa nzima. Hiyo saa ya kungoja samaki, watu wametulia, wamevaa, wako na pesa kidogo mfukoni na hawana kitu ya kuangalia isipokuwa simu, hakuna msanii anaitumia! Na si ati macho yao hayajazoea rangi, boti zenyewe hapo zimepakwa rangi na kuandikwa majina, kuna mtu aliketi na brashi akafanya hiyo kazi na akalipwa.

Niliwahi kuona kijana ametundika picha zake kwa kamba karibu na ziwa, bila mahema bila hotuba. Moja ilikuwa ya boti ya tanga inarudi na samaki asubuhi mapema, jua linatoka, upepo umejaza tanga inaingia ufukweni. Mzee mmoja wa boti akasimama mbele yake muda mrefu akasema, omera (ndugu yangu), hii ni uongo, asubuhi upepo unatoka nchi kavu unaenda ndani, huyu mtu anarudi na upepo gani? Upepo wa kukurudisha ni ule wa mchana. Wakaanza kubishana hapo, watu wakajaa, mwingine akasema labda hilo si jua la asubuhi ni la jioni, mwingine akasema jioni jua linazama huko kwingine, na yule mchoraji anacheka huku anachora mishale ya upepo chini kwa mchanga. Sasa niambieni ni lini mmesikia picha ikichambuliwa hivyo Milimani. Kule mtu anainamisha kichwa, anasema "nzuri sana, ina hisia", anasonga kwa meza ya vinywaji.

Na hii ya ati sisi hatulipii sanaa ndio inanichoma zaidi. Jamani, ohangla tunaingia na nini? Tunalipa mlangoni, halafu ndani kuna pakruok, mtu anatoa noti kwa mwanamuziki ili nyimbo isimamishwe kidogo ajisifu, asifu bibi yake, asifu kijiji chao, na mwenye meza ya pili hawezi kubali kushindwa anatoa kubwa zaidi. Nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Kijaluo, ilikuwa na mambo hayo kabla hatujazaliwa. Hawa ni watu wanaolipia sanaa usiku kucha, tofauti ni kwamba wanalipa ili washiriki, waongee, waonekane. Ukiwaweka kwa chumba cha kunong'ona na glasi mkononi umewanyima kile kitu chenyewe wanalipia. Mimi naona ufunguzi wa Kisumu ungekuwa na mtu wa kuita watu mbele, unasifu picha unayoipenda, unaweka kitu kwa kikapu cha msanii, basi. Wengine watasema ni kelele. Ni sawa, iwe kelele.

Najua mtanijibu nini. Ya kwanza ni wanunuzi, na hapa sitadanganya mtu, mwenye kununua picha ya elfu arobaini si mara nyingi anangoja ngege Dunga. Rafiki yangu mmoja mchoraji alinikatiza hapo hapo akasema ukiuza nje watu watakuvuta bei mpaka uchoke, angalia Tabaka kule Kisii, mtu amechonga kisii stone, lile jiwe laini la huko, kwa mikono yake na mpita njia anamwitisha punguzo kama ananunua nyanya. Ni kweli. Lakini ni Tabaka hiyo hiyo imetoa Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO huko Paris, kwa hivyo kuwa kando ya barabara hakujawahi kuzuia kazi nzuri kutambuliwa. Kinachomaliza bei ni kutoiandika. Andika bei kwa karatasi, bandika chini ya picha, weka na nakala ndogo za bei ya mtu wa kawaida. Na kama unataka jioni ya matajiri fanya, hakuna mwenye amekataa, lakini fanya baadaye na usiiite ufunguzi.

Ya pili ni mvua na wadudu. Hii naikubali zaidi ya ile ya kwanza. Mvua ya ziwa haipigi hodi, inakuja mchana ikiwa imeiva na radi juu, na wale wadudu wa ziwa wakiamka jioni wanajaa kama moshi, ukiwa na rangi mbichi wanabaki wamegandia hapo milele. Hapo Kisumu Museum ina nafasi nzuri, iko wazi kwa umma tangu 1980, kuna lile boma la Kijaluo la kuonyesha watu, kuna miti, kuna pa kukimbilia. Ama ile social hall ya Mama Grace Onyango, mwanamke aliyekuwa meya wetu 1965 wakati miji mingine ilikuwa haijafikiria.

Lakini swali kubwa ni kaunti iko wapi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imepatia kaunti shughuli za utamaduni, maktaba, makumbusho, bustani na fuo, zote kwa kifungu kimoja na kamari na leseni za pombe. Hizo mbili za mwisho wamezishika vizuri sana, askari wa leseni hapotei njia. Hizo zingine je? Tangu vibanda vya samaki vya Lwang'ni vibomolewe mtu wa kawaida amebaki na sehemu chache sana za kufikia ziwa bila kununua soda ya bei ya hoteli, na msanii akitaka kutundika picha hapo chache zilizobaki hajui hata aombe ruhusa kwa nani, anazungushwa ofisi hii, ofisi ile, mpaka anachoka anarudi Milimani.

Kwa hivyo mwenye anatetea Alhamisi aje, lakini asiniletee hii ya "watu wetu hawaelewi sanaa". Anieleze tu ni nani alikuwa anunue pale hotelini mwenye hangeweza kufika Jumapili saa nane. Na wasanii mko hapa, semeni ukweli, zile jioni za Milimani mlirudi nyumbani na pesa ama mlirudi na picha?