Matema au bwawa la hoteli, kwa mwenye mshono?

Uyole Boy: Wakuu, habari za jioni. Jumamosi ya wiki ijayo tunataka kwenda Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, na wenzangu wa kazini, hela ya gari inatakiwa kesho. Wengine wanasema tuokoe nauli, tukaogelee bwawa la hoteli hapa Mbeya mjini. Mimi nimefanyiwa upasuaji karibuni. Wapi salama, ziwani au bwawani?

Mama Tukuyu: Upasuaji wa nini, mwanangu? Wa lini? Nyuzi zimetoka? Unauliza bei ya gunia hujasema gunia la nini.

Mkinga Halisi: Matema, hakuna cha kuuliza. Milima ya Livingstone mgongoni, samaki mbasa wa kuchoma mkononi. Mabwawa ya hoteli ni mikojo ya watoto tu.

Kapunga: Bwawani wanatia klorini. Ziwani nani anatia dawa?

Uyole Boy: Samahanini. Ngiri, upande wa kulia. Leo siku ya 11. Nyuzi bado, kliniki narudi Jumatatu.

Nesi Mstaafu: Basi kotekote bado. Klorini inapunguza vijidudu, haivimalizi, na kidonda kibichi itakiwasha. Ziwa Nyasa lina kichocho, na kichocho hakihitaji kidonda, kinapenya ngozi nzima. Subiri mshono ufunge kabisa, usiwe na ukoko wala unyevu, halafu daktari akuruhusu. Na kwa ngiri kuna mshono wa ndani pia: ukirusha miguu majini tumbo linakaza. Kuoga ni kitu kingine. Wengi huruhusiwa maji ya kutiririka baada ya saa 48 hivi, ya kopo au ya bomba. Usisugue mshono, ukaushe kwa kubonyezabonyeza na kitambaa safi.

Mwana wa Makete: Msikilizeni huyo mama. Mimi 2019 nilitolewa kidole tumbo, nikarudi nyumbani mwezi wa saba, baridi ile mnaijua. Siku ya tisa shangazi akachemsha maji na majani ya mkaratusi, akajaza beseni la kufulia, akaniambia kaa humo uchangamke. Nikakaa nusu saa, maji hadi kitovuni, raha tupu. Plasta ikalegea kama chapati kwenye chai, nami nikaona uvivu kubadilisha. Siku ya 12 naamka, fulana imenata tumboni, harufu siwezi kuisimulia. Usaha. Hospitali wakafungua nyuzi mbili, wakaacha kidonda wazi, kikasafishwa kila siku wiki tatu. Shangazi hadi leo anasema daktari ndiye hakushona vizuri.

Kapunga: Sasa Makete bila maji moto mtu aogeje?

Mwana wa Makete: Maji moto sawa, mkuu. Tatizo kuyakalia.

Mkinga Halisi: Mkaratusi haujawahi kumdhuru mtu. Babu yangu aliuogea maisha yake yote.

Nesi Mstaafu: Babu alikuwa na mshono?

Uyole Boy: Duka la dawa wana plasta isiyopitisha maji. Nikibandika, nikaingia hadi kiunoni tu?

Nesi Mstaafu: Kaka, mshono wa ngiri uko chini ya kiuno! Plasta hiyo ni ya bafuni. Pembe moja ikifunguka, maji yanafungiwa humo humo. Mshono ukiwa mwekundu, wa moto, unatoa maji au ukipata homa, usisubiri Jumatatu.

Kapunga: Nenda ukae mchangani ulinde viatu vya wenzako.

Mama Tukuyu: Na Jumamosi ni soko la vyungu pale Lyulilo, jirani na Matema. Niletee kimoja cha kupikia maharage, hela nitakurudishia.

Nesi Mstaafu: Mama, mtu wa ngiri unambebesha chungu?

Mama Tukuyu: Wenzake si wana mikono?

Uyole Boy: Hela ya gari nimeshalipa. Mama, chungu cha ukubwa gani?

Mkinga Halisi: Hujasema kama majini utaingia.