Tupeane uzoefu: aliyekwambia "ça va" alimaanisha nini?

MwanaLyon: Wakuu, habari za leo. Nafanya kazi Lyon, ofisi nzima ni Wafaransa. Asubuhi kila mtu anapita na "Ça va?" yake, yaani "Mambo vipi?", wala hasimami. Ukianza habari za nyumbani na za watoto, mwenzio ameshafika kwenye mashine ya kahawa. Mkurugenzi hatumwambii hivyo, kwake ni "Comment allez-vous?" kamili, yaani "Hujambo?" ya heshima. Ila "ça va" hiyohiyo naisikia mezani, sokoni, hata kwenye ugomvi. Wenye visa vyao waviweke hapa. Ya vitabuni tuyaache, maana darasani tulikaririshwa "comme ci, comme ça" (hivyo hivyo tu) na huku sijamsikia mtu akiisema.

Mhudumu wa Diani: Mfaransa ukimmiminia juisi akasema "ça va, ça va" huku kiganja kiko juu ya glasi, acha, kamtosha. Vijana wapya hapa kazini hudhani wanaambiwa waendelee. Na ukimkaribisha kitu akajibu "merci" (asante) tupu huku anatikisa kichwa, hapo kakataa.

Mama Pilau, Nantes: Mimi nilimpikia mama mkwe pilau ya nguvu. Nikamuuliza, "C'est bon?", yaani ni kitamu? Akajibu, "Ça va." Mume wangu ndiye aliyenuna kabla yangu! Kwa chakula, ça va ni "kinalika tu". Akikipenda kweli utasikia "c'est très bon", kitamu sana, na sahani itarudi kuomba tena. Mwaka huu nimepunguza iliki, ameomba tena.

Mtoto wa Lushi: Huku Lubumbashi, Kongo, "ça va" imeshakuwa "sava", ya kwetu. "Sava?" "Sava bien", yaani nzuri. Mwezi ukifika katikati na mfuko ukawa mweupe, jibu ni "ça va un peu", nzuri kidogo tu. Mtu akikujibu hivyo, usimuombe makuta (pesa), amekuambia mapema. Na mama akipaza sauti, "Weye, ça va pas la tête?", yaani "una wazimu?", afya yako haijaulizwa. Kimbia.

Yuko Bruxelles: Wabelgiji nao wana yao. Unamwambia mtu tukutane saa nne, anajibu "ça va", yaani tumekubaliana. Mfaransa hapo angesema "d'accord" (sawa). Mwenzangu aliyehamia kutoka Paris alikuwa akisubiri jibu lingine, kumbe ameshajibiwa.

MwanaLyon: Na "ça va aller", yaani "itakuwa sawa", je?

Niliyeishi Abidjan: Hiyo njoo kwangu. Abidjan, Ivory Coast, inatolewa kwa kila jambo: umeme umekatika, umefeli mtihani, umefiwa. Baba alipofariki nikiwa kule, majirani waliingia mmoja mmoja, wakakaa, wakasema "ça va aller", basi. Inafanya kazi ya pole yetu, ila pole huangalia lililokupata na hii huangalia mbele. Wakati ule ilinisaidia kuliko hotuba. Lakini fundi aliyekaa na gari langu wiki nzima akaniambia "ça va aller" nilimkatalia. Nilitaka siku ya kulichukua.

Mhudumu wa Diani: Mama Pilau, sasa mgeni akisema "ça va" kuhusu samaki, nilete bili au nimwite mpishi?

Mama Pilau, Nantes: Tazama sahani, mwanangu. Ikibaki nusu, mwite mpishi.