Tupeane uzoefu: ni lini ulijua mwanao mwenye mtindio wa ubongo anaelewa?

MamaWaMtoni:
Wazazi wenzangu, usingizi umekataa, acha niandike. Leo kwenye daladala kulikuwa na mama kabeba mgongoni mtoto mkubwa, miguu inaning'inia. Abiria mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu naye anajua lolote kweli?" Mama alinyamaza. Mtoto akageuza uso dirishani. Nilimwona. Alikuwa amesikia.

Wangu ana miaka 6. Uchungu ulikuwa wa siku mbili, mwishowe wakasema mtoto amechoka, na alipotoka hakulia. Walimbonyezea kile kipira cha pumzi kwa muda ambao mpaka leo sijui kuukadiria. Shingo ilikaza akiwa na mwaka na nusu. Kusema hasemi.

Mwezi uliopita tuliandikiwa EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo, kwa sababu ya kifafa. Walimbandika nyaya kichwa kizima kwa dawa nzito kama gundi, mistari ikawa inakimbia kwenye kompyuta. Yule mpimaji hakuniuliza mimi kitu. Alimwinamia yeye akamwambia, "Fumba macho, baba." Ilichukua muda. Mkono ulikakamaa, mdomo ukaenda upande, lakini alifumba, na akabaki amefumba. Mistari ya upande wa kisogoni ikabadilika, yakaja mawimbi yaliyopangana vizuri. "Fumbua." Akafumbua, yakapotea. Mpimaji akanieleza kwamba mawimbi hayo huonekana kwa watu wengi wakitulia na kufumba macho. "Ila kufumba kwenyewe, mama, kafumba kwa kuwa kanielewa."

Miaka 6 nimekuwa nikimzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo. Ninyi mlijuaje?

Kaka_wa_Wawili:
Hapo pa kumzungumzia mbele yake. Kwetu sote tulifanya hivyo.

Msambaa73:
Binti yangu alipata umanjano siku ya tatu baada ya kuzaliwa. Bibi zake wakasema mwanikeni jua la asubuhi, tukamwanika, na siku ya sita akawa hanyonyi tena. Alipokuja kupimwa baadaye tukaambiwa ule umanjano ukizidi sana huingia ndani ya ubongo na kuumiza sehemu za katikati, zile zinazotuliza na kupanga mwendo wa mwili. Mikono yake inajinyonga yenyewe. Akifurahi ndiyo inazidi, akilala inatulia kabisa. Sasa watu wakimwona anajinyonga wanadhani na akili imepinda. Huyu mtoto nikikosea kuhesabu chenji ya dukani anacheka! Ndivyo nilivyojua.

NyotaYaTanga:
Sikutaka kuchangia uzi huu. Nimeusoma mara tatu nikaufunga. Naandika kwa ajili ya mama mmoja tu ambaye huenda mwanawe anafanya hivi leo.

Mwanangu alipokuwa na miezi mitano alianza kuinama. Akiamka asubuhi, nimemkalisha mapajani, ghafla kichwa kinakuja mbele, mikono inafunguka, halafu anarudi. Sekunde moja tu. Anatulia kidogo, anainama tena. Mara kumi, mara ishirini. Bibi yake, mama mkwe wangu, akafurahi sana. Akasema mtoto huyu kazaliwa na adabu, anaamkia wakubwa. Kila akiinama bibi anaitika, "Marahaba mwanangu. Marahaba." Nyumba nzima ikawa inaitika. Wajomba wakija asubuhi wanakaa wamngoje aamke ili awaamkie. Tukampeleka harusini Muheza, akaanza pale mkekani, wanawake wakampigia vigelegele. Mimi mwenyewe nilipiga.

Kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua. Kila alipomaliza alilia, na alikuwa ameacha kutabasamu. Mtoto aliyekuwa ananifuata kwa macho akawa hanifuati. Nilimwambia baba yake, akasema meno yanakuja.

Miezi miwili ilipita hivyo. Siku ya chanjo, kwenye foleni, mwanangu akaamka akaanza. Mama mmoja jirani yangu akasema, "Jamani, anasalimia!" Nesi aliyekuwa anapima uzito akaacha mizani, akaja kusimama mbele yangu, akahesabu kimya kimya mpaka zikaisha. Kisha akaniambia kwa upole, "Mama, huyu hasalimii. Hiki ni kifafa." Tukapewa barua ya rufaa siku hiyohiyo.

Kwenye EEG sikuona mistari, niliona vurugu tupu. Daktari akanieleza kwamba ubongo hapo hauna nafasi ya kujifunza chochote, ni kama darasa ambalo watoto wote wanapiga kelele kwa pamoja. Akaniambia pia kwamba William James West, daktari wa Uingereza, aliandika barua kwenye jarida la The Lancet mwaka 1841 akieleza kuinama kwa namna hii, na mtoto aliyeandika habari zake alikuwa mwanawe mwenyewe. Zamani waliviita vifafa vya salaam. Nililia pale pale. Yule alikuwa daktari, naye alikaa akimtazama mwanawe anainama.

Tulipewa dawa ya prednisolone ya wiki kadhaa. Uso ulivimba, usiku halali, njaa haiishi, lakini kuinama kukakoma. Sasa ana miaka minne. Anakaa kwa kuegemezwa, na mwaka jana alianza tena kunifuata kwa macho. Bibi yake mpaka leo wajukuu wakimwamkia anaitika "Ee" tu. Lile neno halitamki.

Mzaramo_Halisi:
Dada nimeishiwa nguvu.

MamaPendo:
Nyota naomba unijibu haraka. Wangu anashtuka mikono ikifunguka nikifunga mlango kwa nguvu. Ndiyo hiyo?

NyotaYaTanga:
Mimi si daktari mama. Wangu hakuhitaji kelele, zilikuja zenyewe, kwa mfululizo, hasa akitoka usingizini. Mpige video uende nayo. Ukifika hospitali hafanyi, na maneno yetu wanayasikia nusu.

NesiMstaafu:
Kushtuka kwa kelele ni kawaida kwa mtoto mchanga, na wenye mtindio wengi hushtuka hivyo hata wakikua. Lakini Pendo apelekwe, usibaki nyumbani kufananisha. Video ni ushauri mzuri kuliko wote niliosoma humu.

NeemaTele:
Poleni. Ila mnasahau kwamba mengine ni vita vya kiroho. Wangu aliombewa, nikaacha fenobabito, ile dawa yake ya kifafa, siku ileile, wiki ya pili hii hajaanguka.

NesiMstaafu:
Dada yangu, fenobabito haikatwi siku moja. Inashushwa kidogo kidogo na aliyeiandika. Ukikata ghafla degedege linaweza kurudi lisikome. Nimewapokea watoto wa namna hiyo usiku wa manane.

NeemaTele:
Sikuomba ushauri, nimetoa ushuhuda. Imani yangu usiiguse.

Msambaa73:
Hakuna aliyeigusa. Mimi naswali swala tano na saa 2 usiku natoa dawa. Mungu hajawahi kuniambia nichague.

Kaka_wa_Wawili:
NeemaTele, ukienda kesho kumrudisha kliniki hakuna atakayekucheka. Twende taratibu, sote hapa tumekosea kitu.

BabaMapacha_Mwz:
Turudi kwenye swali la mama wa mtoni. Pacha wangu mmoja mkono na mguu wa kulia ni wa shida. Nilikuwa nikimgombeza, kwa sababu kila nikimwambia "kunja ngumi ya kulia," anakunja zote mbili. Nikadhani ananifanyia makusudi. Mtaalamu wa mazoezi tiba wa hospitali ya Bugando akanichorea kwenye karatasi: nusu ya kushoto ya ubongo inaendesha mkono wa kulia, nyaya zinavuka chini ya kichwa. Yake ya kushoto iliumia mapema, hivyo ile nyingine imeshika mikono yote miwili. Anatuma amri moja, inafika kotekote. Nilimgombeza miaka miwili mtoto ambaye alikuwa ananitii.

Sasa tunamvalisha soksi nene mkono wa kushoto, ule mzima, saa mbili kwa siku ili ule wa kulia ulazimike kushika. Mwanzo hakuweza kushika hata andazi. Siku hizi anashikilia kikombe, mwingine anamimina.

MamaPendo:
Kumfunga mtoto mkono mzima ni mateso. Mimi siwezi.

BabaMapacha_Mwz:
Sifungi kamba. Ni soksi, tunacheza, akichoka naivua. Ila usianze mwenyewe bila kuonyeshwa.

Mzaramo_Halisi:
Sisi tulimchimbia shimo uani, tukamsimamisha humo mpaka kiunoni, mchanga pembeni. Miguu ilinyooka.

NesiMstaafu:
Na nyonga je? Kuna watoto nyonga zao zinachomoka taratibu kwa sababu misuli inavutana. Umsimamishe shimoni kabla nyonga haijaangaliwa, unaweza kumuumiza na hawezi kukwambia.

Mzaramo_Halisi:
Alikuwa analia. Tulidhani ni uvivu.

Mkilifi:
Wa kwetu alizaliwa wiki ya 29, miguu hupishana kama mkasi. Daktari alisema nyaya za miguu hupita karibu na vile vyumba vya maji vya ubongo, na kwa mtoto njiti hapo ndipo huumia kwanza. Mikono yake mizuri, huandika. Kuhusu kuelewa: tuliacha kumuuliza maswali ya kusema. Akitazama juu ni ndiyo, akitazama mlango ni la. Neno la kwanza alilotuambia hivyo lilikuwa la, hataki uji. Mwaka mzima tulikuwa tukimlisha akiwa amelala chali, anapaliwa, sisi tukidhani ni mchoyo wa kumeza. Mkalisheni wima, kidevu kiiname kidogo, kijiko kije kutoka chini.

MamaWaMtoni:
Nimejaribu hiyo ya macho jioni hii. Nilimuuliza kama nimzimie redio. Alitazama mlango. Nikaiacha, akacheka mpaka akakakamaa mwili mzima.

Nyota, nimesoma yako nikamkumbatia. Pole sana mwenzangu.

Mkilifi, kiti cha kumkalisha wima mlikipata wapi? Vya dukani siviwezi.

Mkilifi:
Fundi seremala wa mtaani. Chukua jaba la plastiki, likatwe ubavuni liwe kama kiti chenye mgongo wa mviringo, liwekwe kwenye fremu ya mbao. Mpime akiwa amekalishwa: kiuno, magoti na nyayo vyote vikunje kama pembe ya kitabu, nyayo ziguse ubao, zisining'inie. Katikati ya mapaja weka kigingi kilichozungushiwa godoro ili asiteleze. Kisha meza mbele, mikono iwe juu yake.

MamaPendo:
Nimepiga video asubuhi hii. Mfululizo wa mara nane, mlango haukufungwa. Tuko njiani.