Kakalia kiti cha nahodha, na AKAKIZUNGUSHA!

Wakuu, natoka gatini sasa hivi, sare bado mwilini, mikono inanitetemeka kwa hasira. Simtaji jina. Mnamjua. Hata tukizindua kasia, atatokea na suti.

Leo boti mpya ya doria imeingizwa rasmi kazini. Amri ikasomwa, bendera ikapanda shetrini, utepe ukapanda mlingotini, ule wa kukaa huko mpaka chombo kistaafu. Nahodha kasoma hati yake, kapokea ukamanda. Ikabaki amri ya mabaharia kupanda. Tumekauka juani mpaka kofia zinafuka moshi. Amri inatoka tu, mguu wa kwanza kukanyaga ngazi ni wa nani? Kiatu cha ncha!

Hilo ningelimeza. Naingia chumba cha usukani kushika zamu ya kwanza, namkuta kakaa. Kiti cha nahodha! Hata maofisa hawakikalii bila ruhusa. Nailoni ya kiwandani haijabanduliwa, nahodha mwenyewe hajakigusa, yeye kakunja nne. Halafu akakizungusha. Nasema AKAKIZUNGUSHA!

Tezi_na_Omo: Kilizunguka vizuri lakini? Cha kwetu kimeshika kutu.

Mwanamaji Mstaafu: Kijana, raia kakutangulia vipi ngazini? Zamu ya kwanza tu mmeshaporwa kiti, hao wavuvi haramu mtawakamata nyinyi?

Mtoa mada: Mzee wangu, shikamoo, lakini hukukiona kilivyozunguka.

Mke wa Baharia: Una bahati wewe umeona kiti. Sisi familia tulipangwa nyuma ya bendi. Nimeona matarumbeta tu, mume wangu sijui hata kama alipanda.

Chumvi Nyingi: Mbona chupa haikuvunjwa? Mimi nilifuata chupa.

Mwanamaji Mstaafu: Chupa ni siku ya kushusha chombo majini. Hiyo ilishapita, leo kinaanza kazi.

Chumvi Nyingi: Haya, mkipata mkosi msiniite.

Fundi Mkuku: Mkosi uko kwenye hesabu, si kwenye chupa. Meli ya kivita Vasa ya Sweden mwaka 1628 iliondoka Stockholm kwa mizinga na mbwembwe, haikumaliza hata kilomita mbili ikazama. Nzito juu, nyepesi chini. Mtoa mada, yule bwana ana kilo ngapi?

Mtoa mada: Na alikuwa anacheka huku anazunguka!

Mke wa Baharia: Tuacheni na Sweden. Nani alipanga zile hotuba? Ya tatu kazi yake ilikuwa kuishukuru ya pili.

Tezi_na_Omo: Na kipaza sauti kikawa kinapiga mluzi kuliko filimbi ya serahangi.

Chumvi Nyingi: Samahani, kuna aliyeokota kofia nyeupe pale ngazini? Ina funguo ndani.

Mtoa mada: Jamani, KITI!

Mke wa Baharia: Funguo zina kamba ya bluu?

Chumvi Nyingi: Ndizo! Nakuja inbox, dada.