Programu ya matembezi ya Gede: pesa mmechukua, historia mmeiharibu

Wadau wa Pwani na wengineo, nina hasira na sifichi. Kuna programu ya simu inauziwa wageni wanaotaka kuzunguka magofu ya Gede, karibu na Malindi huku Kenya, wenyewe, bila kiongozi. Unalipia, unapewa ramani na sauti ya kukueleza kila kituo. Wazo lenyewe ni zuri, na Gede pamekaa vizuri kwa matembezi ya namna hiyo: mji uliozungushiwa kuta, wa nje na wa ndani, nyumba, misikiti na makaburi vikiwa karibu karibu chini ya miti. Kinachoniuma ni walichokijaza humo.

Kwanza lugha. Kiingereza kipo, Kiitaliano kipo, Kijerumani kipo. Kiswahili hakuna! Mji uliojengwa na Waswahili kwa matumbawe na chokaa, leo Mswahili akienda asimuliwe kwa Kiitaliano? Nilikuwa na shangazi yangu wa Faza. Pale kwenye jumba la mfalme aliweka simu sikioni, akasikiliza kidogo, akanirudishia: "Huyu anena nini, mwanangu?" Kisha akaanza kunionyesha yeye. Vidaka hivi ni vya kuwekea taa. Hapa ni chooni, na pale pembeni ndipo pa kutawadhia. Tulipoingia kwenye nyumba za jirani akanipitisha ua wa mbele, chumba kirefu cha mbele, halafu vyumba vya ndani vya kulala na ghala, mpangilio anaoujua tangu utotoni. Hakuna hata moja kati ya hayo kwenye rekodi. Rekodi inazungumzia mizimu.

Kituo baada ya kituo ni mizimu, laana, "mji uliopotea wa Waarabu". Waarabu gani? Juu ya upinde wa mlango mmojawapo wa Msikiti Mkuu kumechongwa mkuki, alama ya utawala ya Kiafrika, lakini sauti inakupitisha hapo kimya kimya ili ukaambiwe habari za kauri za China. Kauri zilikuwepo, na ushanga wa Venice ulipatikana pia. Hiyo ni biashara! Mtu akinunua sahani ya China hageuki Mchina. Vyungu vya kawaida vya udongo, vilivyofinyangwa hapa hapa Pwani, ndivyo vilivyojaa katika miji hii, na havitajwi.

Halafu eti Gede "iligunduliwa" mwaka 1884 na John Kirk. Kirk alikuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alifika akatazama. Wenyeji walioishi kando ya msitu walihitaji yeye awaambie kwamba kuna kuta? Na lile kaburi lenye tarehe, lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, wanaliita "kaburi la kale" basi. Tarehe imeandikwa kwenye jiwe, ndiyo iliyowasaidia wachimbuaji kukadiria umri wa magofu, kuanzia enzi za James Kirkman mwaka 1948 na kuendelea, na mtu aliyelipia hatajiwi!

Sitapoteza muda na rekodi zinazokataa kucheza mtandao ukikatika, wala nukta ya ramani inayorukaruka chini ya miti. Hayo fundi atayarekebisha.

Lisilovumilika ni hili: kwenye kituo cha ukuta wa ndani wanakuelekeza UPANDE JUU upate picha nzuri. Chokaa ile imelegea kwa karne nyingi za mvua na mizizi. Nimemwona kijana akipanda, simu mkononi, jiwe likachomoka chini ya kiatu chake likaanguka. Yeye angeweza kuvunjika mguu, na jiwe lile halirudi lilipokuwa. Mji huu umeingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024 tu, nyinyi mnawaambia watu waukanyage?

Nimewaandikia wenye programu, nikajibiwa na ujumbe wa mashine. Kwa hiyo naandika hapa hadharani. Hiyo sentensi ya kupanda ukuta iondoke leo, si toleo lijalo. Habari ya Kirk na ya Waarabu irekodiwe upya. Kiswahili kiwekwe, tena cha mtu wa Pwani, si cha kompyuta.

Aliyelipia adai pesa yake. Na anayepanga kwenda wiki hizi, amchukue kiongozi pale getini amlipe yeye. Kama kuna mwalimu au kiongozi humu aliye tayari kusoma maelezo kwa Kiswahili, aseme hapa chini, mimi nitasaidia kuandika.